Kijiti Nisichokijua Jina

Jambo nitakalolieleza hapa ni dogo, na huenda wako watakaoliona halistahili kuchukua nafasi katika gazeti linalosomwa na watu wazima. Ni habari ya vijiti: vijiti vya kugugunwa na wanyama wadogo wawili tuliowafuga nyumbani, hapa mjini Birmingham, Uingereza. Lakini katika vijiti hivyo nilipata kufanya kosa, na kosa lenyewe nalilifanya usiku, mwanangu akiwa amelala. Na ndiyo sababu nimeona afadhali niliandike kabla sijaanza kulikumbuka kwa namna inayonipendeza mimi.

Mwaka 2022 binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11, alitaka paka. Nyumba tunayokaa ni ya kupanga, na mkataba wake wakataza paka na mbwa. Akanyamaza wiki mbili tatu. Kisha ikatokea kwamba mtu mmoja tufanyaye kazi pamoja ghalani alikuwa akihamia Scotland, naye alikuwa na degu wawili, wote majike, pamoja na tundu lao kubwa la waya, akitafuta mtu wa kuwachukua bila malipo. Nikawaleta. Mke wangu alipofunua shuka iliyofunika tundu alirudi nyuma hatua mbili. “Panya!” akasema. “Kwetu Wete tukiwatega, huku tumekuja kuwalisha?” Bibi yake mtoto naye, alipopigiwa simu Pemba akaonyeshwa picha, alicheka hata akakohoa, akauliza kama na kunguni pia tunawafuga. Mwisho mke wangu aliridhia kwa masharti mawili: tundu lisiwekwe katika chumba tunachosalia, wala yeye asiombwe kulisafisha. Masharti hayo yametimizwa hata leo, ingawa mimi nimemkuta zaidi ya mara moja amesimama mbele ya tundu akizungumza nao.

Mtoto akawaita Karafuu na Iliki.

Yafaa nieleze kidogo degu ni mnyama gani, kwa kuwa kwetu hayuko. Si panya wa nyumba. Asili yake ni nchi ya Chile, Amerika ya Kusini, katika vichaka vya sehemu ya katikati ya nchi ile, na kwa ukoo yuko karibu zaidi na simbilisi kuliko panya. Rangi yake ni kahawia iliyochanganyika na manjano, masikio yake makubwa, na ncha ya mkia ina kishungi cheusi. Aliyekwisha kukua huwa na uzito wa gramu 170 hata 300. Degu hukaa kwa makundi, na shughuli zake huzifanya mchana, hasa asubuhi na jioni, usiku hulala. Mkia wake haushikwi, maana ngozi huvuka ikabaki mkononi mwako, na mkia uliopotea haurudi tena. Sukari humdhuru upesi, kwani ni mwepesi wa kupata maradhi ya kisukari. Kwa hiyo hata tunda, ambalo mtoto yeyote angedhani ni zawadi, kwake ni madhara.

Lakini ajabu yake kubwa ni meno. Wataalamu wamempa jina la Octodon, yaani mwenye meno ya nane, kwa sababu magego yake ukiyatazama kwa juu yana umbo la tarakimu 8. Meno yale, ya mbele na magego pia, hayaachi kuota tangu azaliwe hata afe. Ya mbele yana rangi ya chungwa, na rangi hiyo kwa degu mzima ni dalili ya afya. Yakipauka, mwenyewe ashtuke. Magego husagwa na majani makavu anayotafuna kutwa, na ya mbele huchongwa kwa kuguguna miti. Akikosa vitu hivyo meno hurefuka, yakapishana, yakachoma ulimi na mashavu, na mnyama hufa njaa na chakula ki mbele yake.

Kule kwao Chile hana haja ya mtu katika jambo hili. Hupita kichakani akanusa huu akauacha, akauma ule, akarudi kesho. Katika tundu hana uchaguzi huo. Lililotiwa ndani ndilo lililopo, naye kwa kuwa meno yamwasha ataliuma. Wengi wetu tumefundishwa tangu utotoni ile Hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie mwenyewe katika ardhi, na yaliyompata kwa sababu hiyo. Mimi nalikuwa nikiisikia Hadithi ile kama habari ya ukatili. Sikupata kuisikia kama habari ya mtu aliyefunga mlango, na tangu hapo kila haja ya kiumbe kile ikawa juu yake.

Basi wale degu walikuja na rafu za plastiki ndani ya tundu lao, na katika mwezi mmoja rafu mbili zilikuwa zimekwisha kuliwa pembe zote. Tukawapeleka kwa daktari wa wanyama. Akatazama meno, akasema ni mazuri, ila plastiki iondolewe, kwani vipande vikimezwa vyaweza kuziba matumbo. Badala yake watiwe rafu za mbao na wapewe vijiti vya miti isiyodhuru. Akataja majina ya miti mitano sita. Mimi nikayasikia kama abiria asikiavyo majina ya vituo ambavyo hashuki. Dukani vijiti hivyo vyauzwa, vimefungwa kwa kamba vizuri. Nikavitazama, nikaona nauziwa kuni. Mimi niliyekulia shamba, Pemba, ninunue kijiti!

Nikaanza na mbao za kazini. Ghala letu limejaa paleti, yale majukwaa ya mbao yanayobeba mizigo, na zilizovunjika hutupwa. Asiyejua hudhani mbao ni mbao. Kumbe paleti zinazovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri kwa kanuni ya mataifa iliyowekwa mwaka 2002, ili wadudu wasihamishwe kutoka nchi moja hata nyingine. Na katika muhuri huo herufi HT maana yake mbao zimetiwa moto, na MB maana yake zimefukizwa kwa gesi ya sumu iitwayo methili bromidi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kufukiza huko kulikomeshwa mwaka 2010, lakini paleti husafiri, na nyingine ni kuukuu. Nikachagua ya HT, nikajiona mjuzi. Msimamizi wetu, mtu aliyekaa ghalani miaka mingi, akaniuliza kama najua ni kitu gani kilichomwagikia mbao ile tangu ilipopigwa muhuri: mafuta, dawa ya magugu, sabuni ya viwandani? Sikujua. Nikairudisha.

Mbao za dukani nazo nikazitazama. Zile za kujengea nje zimeshindiliwa dawa ya kuzuia kuoza. Zile za karatasi nyembamba zilizogandishwa zina gundi ndani. Zilizopakwa rangi hazina haja ya maelezo. Ikawa lazima nirudi kwenye mti wenyewe, uliosimama.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba. Miti mingi ya mtaani ilikuwa imekwisha kupukutisha majani, na kwa mtu wa kwetu mti usio na majani hausomeki. Lakini kando ya uwanja tunapoegesha magari pana ua mrefu wa mti mmoja wa kijani kibichi, wenye majani mapana yanayong’aa kama majani ya mkarafuu. Kila siku nalikuwa nikiupita. Jioni moja nikavunja tawi, nikasugua jani kwa vidole, nikanusa: harufu ya lozi, nzuri, kama halua iliyotiwa lozi siku ya Idi. Nikafurahi sana. Nikaingia nalo nyumbani kama mtu aliyerudi na samaki.

Binti yangu akauliza, “Baba, huu ni mti gani?”

Nikamwambia, “Mti mzuri. Nusa.”

Akanusa. “Unaitwaje?”

“Jina lake halituhusu. Hebu tazama ulivyo mbichi.”

“Daktari alitaja majina,” akasema. “Tumwulize yule mzee jirani kesho, Baba. Yeye anajua miti.”

Yule jirani ni Mwingereza, mtu mzima sana, aliyefanya kazi maisha yake yote katika bustani za mji. Shauri la mtoto lilikuwa la haki, na lingenigharimu usiku mmoja tu. Lakini mimi nilikasirika. Sikuonyesha, nadhani, ila nilikasirika; kwa kuwa katika nchi hii mtoto hunisahihisha matamshi, hunisomea barua za serikali, hunionyesha namna ya kujaza karatasi za daktari, na nilikuwa na hamu ya kujua jambo moja ambalo yeye halijui. Nikasema, “Vyema, kesho.” Akaenda kulala. Baada ya sala ya Isha, nikiwa peke yangu, nikalikata tawi vipande viwili, nikavitia tunduni. Degu walikuwa wamejikunja pamoja, wamelala.

Alfajiri nikaamka, nikatawadha, nikasali. Nilipokuwa bado nimekaa juu ya msala nikasikia chumba cha pili sauti ya kuguguna, krr, krr, ile sauti tuliyokuwa tukiitaka. Na katika ukimya ule nikamkumbuka babu yangu.

Babu hakuwa msomi wa shule. Lakini kila asubuhi alikuwa akichonga mswaki wake kwa kisu kidogo, na sisi wajukuu tukimwigiza twavunja kijiti chochote kilichokuwa karibu tukatia kinywani. Babu alikuwa akikiondoa kwa kidole chake mwenyewe, bila ya kugomba, akiuliza, “Chaitwaje?” Asiyejua jina alinyang’anywa. Na huyu babu ndiye aliyekuwa akianika makopa ya muhogo mchungu uani, akatuweka sisi na mbuzi mbali na maganda yake, kwani mbuzi wa jirani walipata kuyala wakafa kabla ya jua kutua. Yeye mwenyewe aliujua muhogo ule tangu shina hata jani, na kwa kuujua ndiyo akauogopa.

Nikaondoka juu ya msala. Nikawasha taa. Iliki alikuwa amekaa kwa miguu ya nyuma, ameshika kijiti kwa mikono miwili kama mtoto anayekula mhindi, na gome la ncha moja lilikuwa limekwisha kubanduliwa, urefu wa ukucha. Nikakitoa, na cha pili, na majani yote mpaka lililoanguka chini ya gurudumu. Kisha nikavitia katika mfuko, na mfuko nikautia mfukoni mwa koti langu. Huko kulikuwa ni kuficha, wala sina jina jingine la kukuita.

Kulipopambazuka nikamwendea mzee. Alipouona mti hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono akanipokonya. Akasema ni lareli, ndugu wa mcheri na mplamu, Waingereza huupanda kwa ua kwa sababu wakati wote ni kijani. Akasema walipokuwa watoto walikuwa wakiponda majani ya mti huu, wakayatia ndani ya chupa, na kipepeo akitiwa humo hufa. Harufu ile ya lozi niliyoifurahia, basi, ndiyo ishara yake: jani likipondwa au gome likitafunwa hutoka sumu ya sianidi, na sumu hiyo ndiyo ile ile itokayo katika muhogo mchungu. Nilikuwa nimekwenda maili elfu kadhaa kutoka uani kwa babu, nikaokota muhogo wake mwingine barabarani, nikaupeleka kwa mnyama asiyeweza kuukimbia.

Nikampigia daktari simu. Akauliza ameuma kiasi gani na lini, akasema sumu hii haikawii. Nimtazame pumzi na miguu, na nikiona ametweta au ameyumba nimlete hapo hapo. Nikapiga simu kazini kuomba ruhusa, nikakaa sakafuni mbele ya tundu. Mke wangu akaniletea chai akaona sura yangu, nikamweleza. Akakaa nami kitambo. Kisha akauliza, “Utamwambia?” Nikasema mnyama ni mzima, anakula, pana haja gani ya kumtia mtoto huzuni kwa jambo lililopita? Hakunijibu. Alichukua kikombe akaondoka.

Aliporudi shule nalimwita jikoni. Nikamwambia, “Jana usiku, ulipolala, nalikitia kile kijiti. Ni sumu. Nalikitoa alfajiri, na mzee amenieleza.”

Kwanza alikwenda kumtazama Iliki, akakaa naye. Aliporudi hakulia wala hakunilaumu. Akauliza, “Baba, kama Iliki angalikufa, ungaliniambia kwa sababu gani?”

Ningependa kuandika hapa kwamba nalijibu upesi. Ukweli ni kwamba nilitazama meza. Nilikuwa najua jibu, kwani mfuko ulikuwa bado umo katika koti, na asubuhi nzima nalikuwa nikitunga maneno ya habari ambayo haikutukia. Nikamwambia, “Sijui kama ningalikwambia.” Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Kisha akatoa daftari katika mkoba wake wa shule, akapiga mistari mitatu ya kusimama, akaandika juu yake: jina la mti, mahali ulipokatwa, tarehe.

Tangu siku ile kijiti hakiingii tunduni ila kimeandikwa humo. Mzee alitutembeza mara tatu, akitufundisha kuijua miti kwa gome na kwa macho ya majani, yaani vile vichipukizi vinavyosubiri mwaka mwingine, maana majani hayakuwapo. Tukaujua mheseli kwa fito zake zilizonyooka zinazotoka shina moja, na kwa vishada vinavyoning’inia. Tukaujua hothoni, wenye miiba na vitunda vyekundu, ambao degu huupenda kwa ugumu wake. Kando ya mifereji ya zamani inayopita mjini pana wilo, mti laini ambao gome lake lina dawa ya jamii ya aspirini. Huo hupewa kwa kiasi. Mtufaha na mpea ni mizuri kuliko yote. Na hapo mtoto akauliza swali zuri: mtufaha na mcheri si wa ukoo mmoja? Ni wa ukoo mmoja, mzee akasema, jamii ya mawaridi, na mbegu za tufaha zina sumu hiyo kidogo. Lakini fito za mtufaha zafaa, na za mcheri, mplamu, mfyulisi na mmishmishi haziaminiki. Ukoo hautoshi, sharti uujue mti wenyewe.

Ya kuepukwa tuliiandika nyuma ya daftari. Mti wa yuu, ambao Waingereza huupanda penye makaburi ya makanisa, karibu sehemu zake zote huua. Oleanda na rododendroni hali kadhalika. Mwaloni una tanini nyingi. Mwerezi na msonobari mbichi una mafuta na utomvu unaodhuru; msonobari uliokaushwa kiwandani ndio hutumika kwa rafu. Na mti hata ukiwa mwema haukatwi kando ya barabara kuu kwa moshi wa magari, wala pale palipopigwa dawa, wala katika uwanja wa watu bila ya ruhusa. Sharti hili la mwisho liliandikwa na mtoto mwenyewe kwa wino mwekundu, akinitazama. Maana na ua ule wa lareli una mwenyewe, nami sikupata kumwomba.

Mwezi wa Januari mzee alipunguza matawi ya mtufaha wake, kwani mti huu hupogolewa wakati wa baridi umelala. Akatupa mzigo mzima, akatuhakikishia hajaupiga dawa miaka yote. Tukakata vipande, vyembamba kama kidole na vinene kama gumba, gome likiachwa juu yake, kwa kuwa gome ndilo tamu yao. Tukavisugua kwa brashi na maji ya moto bila ya sabuni, kuondoa kinyesi cha ndege na kuvu. Kisha vikaingia jikoni katika tanuri, moto wa nyuzi 100, muda wa saa moja, vikatoka vikapoa. Mke wangu alilalamika kwamba tanuri la mkate limefanywa tanuri la kuni. Lakini nyumba ilinukia vizuri, na mkate wa mayai uliofuata hakuna aliyeukataa.

Iliki ndiye aliyeanza. Alibandua gome toka mwanzo wa kijiti hata mwisho, utepe mmoja mrefu, akaukusanya chini ya rafu kama mtu anayetandika. Karafuu akaja akamwibia.

Daftari lile sasa limejaa nusu. Majuzi mzee aligonga mlango akiwa na fito za mheseli. Binti yangu akazipokea, akamshukuru, kisha akaniletea mimi jikoni. Akasimama na kalamu.

“Mti gani?” akauliza.

Nikatazama gome, nikatazama macho ya majani. “Mheseli.”

“Umekatwa wapi?”

Nikasema sijui, sikuwako. Akafungua mlango akamkimbilia mzee barabarani kumwuliza, na fito zikabaki juu ya meza mpaka aliporudi.